Wote Tumeshaingia

Alasiri hiyo, jua likianza kuinama, nilitumwa bandarini kuchukua sanduku la filamu. Ilikuwa mwaka 1979, mjini Hell-Ville, kisiwani Nosy Be. Serikali ilitaka mji uitwe Andoany, na kwenye barua niliandika Andoany. Lakini mdomoni sote tulisema Hell-Ville, na hapa nitaandika kama tulivyosema.

Sanduku lilikuwa la bati, limetoka Mahajanga, limechelewa. Nilipofika nalo kwenye ukumbi wa sinema watu walikuwa wamekwisha kaa. Soulé, mwendesha mashine, alilifungua akachungulia ndani.

"Reli ya kwanza ya mkanda haimo," alisema.

Mwenye ukumbi, Bwana Chaehoi, hakushtuka. Ukumbi wake ulikuwa ghala la zamani la kahawa, lenye kuta nene, mabati juu, na mlango mmoja tu.

"Onyesha iliyopo," alisema. "Mwanzo Fundi atautunga."

Fundi ndiye mimi. Jina langu ni Bourhane mwana wa Abdourahamane, mzaliwa wa mtaa wa Mangarivotra, Mahajanga, lakini ndani ya ukumbi ule hakuna aliyeniita hivyo. Kazi yangu ilikuwa kueleza filamu. Nilisimama kando ya kitambaa cheupe na kuwaeleza watazamaji kwa Kimalagasi kinachotokea, nikichanganya Kingazija kidogo kwa ajili ya wanawake wetu waliokaa mabenchi ya kushoto. Wafaransa walinisomesha kwa fimbo, kwa hiyo Kifaransa nilikijua vizuri. Filamu za lugha nyingine nilizisoma kwenye nyuso za watu.

Watu wa Hell-Ville walipenda filamu za kutisha, na zaidi ya zote zile zenye watoto. Zimwi lenye meno walilicheka. Mtu aliyefufuka kaburini walimpigia miluzi. Lakini mtoto aliyesimama tu pembeni mwa chumba, nywele zimechanwa vizuri, mikono imetulia… huyo aliwanyamazisha wote. Nadhani najua sababu. Zimwi likibisha hodi utafunga mlango. Mtoto akibisha hodi, utafungua.

Kazi yetu ilikuwa na mwiko wake. Mzee Assoumani, aliyenifundisha kueleza filamu Mahajanga, alinikanya tangu siku ya kwanza: jina la mtu halivishwi picha. Watazamaji hawapendi majina ya Kizungu, hawawezi kuyashika, watakuomba majina ya kwao. Wape ya ndege, wape ya miti, wape ya kuchekesha. Usiwape jina la mtu. "Picha haina kitu ndani," alisema. "Ukiipa jina, umeipa pa kuanzia."

Nilidhani ni maneno ya mzee. Niliyafuata kwa sababu ya adabu tu.

Soulé aliwasha mashine. Bwana Chaehoi akafunga mlango kwa nje, akatia kufuli kama kawaida ili vijana wasiingie bure, kisha akaondoka na ufunguo kwenda kusubiri sala ya Magharibi msikitini.

Katika benchi la mwisho la wanawake, karibu kabisa na mlango, alikaa dada yangu Rahamatou.

Lazima nieleze habari zake. Rahamatou alikuwa mdogo wangu wa pekee, na alikuwa na mtoto mmoja, Echa, binti wa Attoumane. Desemba ya mwaka 1976 sisi Wangazija wa Mahajanga tulishambuliwa. Sitazieleza siku hizo, waliokuwepo wanazijua. Nitasema la nyumba moja tu. Mimi nilikuwa tayari Nosy Be, na haya aliniambia Rahamatou mwenyewe. Walikuwa wamejifungia ndani, Mangarivotra, taa zimezimwa, moshi wa nyumba za jirani unapenya chini ya mlango. Echa hakuwemo. Jirani mmoja alikuwa amemchukua, walidhani yuko salama. Magharibi ilipoingia, mlango ukagongwa chini, mkono mdogo.

"Mama, nifungulie."

Kwetu, mtu akikuita Magharibi huitiki hadi mara ya tatu. Mwanadamu huita mara tatu. Wale wengine hawafiki tatu. Kila mtoto wa Kingazija amelelewa hivyo, na usiku ule, watu wakiwa wamejaa hofu, walilishika hilo kama kamba. Attoumane alimziba mke wake mdomo kwa kiganja. Wakasikia mara ya pili.

"Mama, nifungulie."

Wakangoja ya tatu.

Haikuja.

Asubuhi hapakuwa na mtu mlangoni. Hakupatikana mzima wala maiti. Ndege zilipokuja kuwachukua Wangazija kuwapeleka Moroni, Attoumane alipanda. Rahamatou alikataa. Nilimchukua nikakaa naye Hell-Ville. Alikataa pia tusome hitima. "Hitima ni ya maiti," alisema. "Mwanangu yuko nje." Kila Magharibi, majirani wakifunga milango yao, yeye aliuacha wetu wazi.

Sikutaka aje kuona filamu ile. Alikuja.

Picha ilianza katikati ya kisa. Nyumba kubwa ya mawe. Watu wazima wanaonong'ona. Na mtoto wa kike, mwenye gauni jeupe, anatembea katika ukumbi wa nyumba hiyo akiwa ametupa mgongo. Lugha sikuijua. Jina lake, kama lilitajwa, lilitajwa katika reli isiyokuwepo. Nikamwita "yule mtoto."

"Fundi," mtu akapaza sauti kwa Kimalagasi, "huyu hana jina?"

"Bado hajaniambia," nilijibu. Watu wakacheka.

"Mpe la mama mkwe wangu. Halimati. Wanatembea sawasawa."

"La mama mkwe wako mpe mbwa wako," mwanamke akamjibu kutoka mabenchi ya kushoto, na kicheko kikazidi.

"Fundi leo amelala. Mtoto gani hana jina?"

Nilifikiria jina la ndege. Nikafungua mdomo.

"Anaitwa Echa."

Haikuwa sauti yangu. Ilitoka nyuma, karibu na mlango. Ilikuwa ya upole, kama mtu anayesahihisha jambo dogo.

Kwenye kitambaa, yule mtoto alikuwa akitembea kwenda zake.

Akasimama.

Hakugeuka haraka. Aligeuza bega kwanza. Kisha shingo. Kisha uso… na uso ule haukuwa na jambo lolote la kutisha. Ulikuwa uso wa mtoto aliyesikia akiitwa na hana hakika kama ni yeye. Macho yake yalipita juu ya mabenchi, benchi hadi benchi, kama anayetafuta.

Nilisubiri picha ibadilike. Haikubadilika.

Nikasikia mlio kutoka kwenye chumba cha mashine. Tap… tap… tap… Ni mlio unaojulikana kwetu, ncha ya mkanda ikipiga chuma baada ya reli kwisha.

"Fundi," Soulé alisema kutoka juu. Hakupaza sauti. "Mkanda umekwisha. Reli inazunguka tupu."

Mtoto bado alikuwa pale, mkubwa, mweupe, anatutazama.

Watu waliinuka. Mabenchi yalianguka. Walifika mlangoni kwa pamoja wakausukuma, na kufuli ikalia kwa nje bila kuachia. Joto la mabati lilitushukia. Mtu alimwita Bwana Chaehoi kwa jina, kwa Kingazija, amfungulie. Chaehoi alikuwa msikitini.

Nilipogeuka kutazama kitambaa, kilikuwa na ukumbi wa ile nyumba ya mawe tu.

Mtoto hakuwemo.

Kisha mlango ukagongwa.

Kwa nje. Chini, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Mkono mdogo.

Waliokuwa wakiusukuma mlango waliacha kuusukuma. Wakarudi nyuma, hatua kwa hatua, wakikanyagana. Tulitaka kutoka, na hapakuwa na hata mmoja aliyetaka mlango ule ufunguke.

"Mama… nifungulie."

Kwa Kingazija. Harufu ya langilangi iliingia chini ya mlango. Ilikuwa majira ya kuyachuma maua yake na kisiwa kizima kilinukia hivyo, lakini chini ya ile ya maua palikuwa na harufu nyingine, kali, ya siki. Nilikuwa naijua. Ni harufu ya mkanda wa filamu uliozeeka ndani ya bati.

Rahamatou alikuwa amesimama. Nilipita katikati ya watu nikamshika kifundo cha mkono.

"Ngoja ya tatu," nilimnong'oneza.

"Mama… nifungulie."

"Nilingoja mara ile, kaka," alisema.

Akaitika. "Abee, mwanangu."

Kufuli ilianguka. Tuliisikia ikigonga sakafu ya saruji. Mlango ukafunguka taratibu, na nje palikuwa na barabara, mwanga wa jioni, na mbuzi mmoja anakula karatasi. Hapakuwa na mtu. Watu walitoka mbio. Rahamatou alitoka polepole, mkono wake wa kushoto ukiwa umeshuka kidogo mbele yake, vidole vimekunjika.

Bwana Chaehoi alirudi na ufunguo mfukoni. "Nani amenivunjia kufuli?" aliuliza. Aliigeuza mkononi, hakuona palipovunjika. Alisema ni ya zamani. Soulé naye, baada ya kuketi na kunywa maji, alisema ukiitazama sana taa ya mashine, picha huganda machoni na utaendelea kuiona hata haipo. Huenda. Soulé aliijua kazi yake. Lakini kesho yake aliomba ruhusa akaenda Nosy Sakatia kwa wakwe zake kuvua samaki, na mashine ile hakuigusa tena.

Nilifika nyumbani adhana ikilia. Rahamatou alikuwa amewasha taa, amejipaka liwa usoni, jambo alilokuwa ameliacha tangu Mahajanga. Nilipoingia, alinipita akaenda mlangoni. Akaufunga. Akatia komeo.

Tangu 1976 hakuwahi kuufunga.

"Mbona unafunga?" nilimuuliza.

"Wote tumeshaingia," alisema.

Akaandaa sahani tatu.

Nilikula nikitazama wali wangu. Nyuma ya pazia la chumba chake palikuwa na kimya kile cha mtu anayezuia pumzi. Harufu ya siki ilikuwa nyepesi, lakini ilikuwepo.

Kisha sauti ndogo ikasema:

"Fundi."

Niliweka kijiko chini.

Dada yangu alitabasamu. "Anakusalimu."

Mimi ni mtu wa majina. Echa, binti wa dada yangu, tangu alipojua kusema aliniita Mjomba Bourhane. Hakujua kwamba kuna watu wanaoniita Fundi. Alikuwa hajawahi kufika Hell-Ville, wala kukanyaga ukumbi wa Chaehoi. Aliyekuwa nyuma ya pazia alijua jina Echa, alijua neno mama, alijua Fundi. Alijua yaliyosemwa ukumbini alasiri ile, na hakujua lingine.

Nikakaza moyo. "Baba yako anaitwa nani?" nilimuuliza.

Kimya.

"Muache," Rahamatou alisema. "Amechoka."

Jioni ya pili, kabla sijaketi, sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Attoumane." Ilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayeonja chakula cha kigeni.

Nikajua kwamba mchana, nikiwa kazini, dada yangu alikuwa akimfundisha.

Tangu hapo sikutaja jina la mtu ndani ya nyumba ile. Nilimwambia Rahamatou kila kitu nilichokifikiri, nje, sokoni, mbali na mlango. Alinisikiliza huku akichagua nyanya.

"Unadhani sijui?" alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba hana joto. Kwamba hali chakula. Nimemzaa Echa, kaka, namjua." Aliiweka nyanya akachukua nyingine. "Lakini aliniita, nami nimeitika. Ulitaka nimwache huyu naye nje?"

Nilimwita mwalimu aje asome hitima. Alipofika tulikuta mlango una komeo, na dada yangu akazungumza naye kwa adabu kupitia dirishani mpaka akaondoka. Siku zilivyokwenda alikonda. Aliacha kwenda sokoni. Aliacha kutoka uani. Mimi nilitoka na kuingia mchana, na kila Magharibi komeo lilitiwa nami nikiwa ndani.

Alasiri moja niliagiza teksi. Nilipanga tuwahi boti ya Mahajanga, tukakae kwa ndugu zetu waliobaki. Nilimbebea kikapu chake. Alikubali. Alivaa leso mbili, akajifunika vizuri, akanifuata hadi kizingitini.

Hapo akasimama.

"Twende, mdogo wangu."

"Ananishika," alisema.

Nilitazama chini. Pembe ya leso yake, nyuma, ilikuwa imevutwa. Haikuning'inia kama nguo inavyoning'inia. Ilikuwa imekazwa hewani, imenyooka kuelekea gizani mwa nyumba, usawa wa mkono wa mtoto… na ilikuwa ikikazika zaidi, taratibu, bila papara.

Dereva alipiga honi.

"Nenda wewe, kaka," Rahamatou alisema. "Mimi siwezi kumfungia mtoto mara ya pili."

Sikwenda. Nilikirudisha kikapu ndani, na Magharibi komeo likatiwa.

Alifariki masika yaliyofuata, mchana, nilipokuwa kazini. Komeo lilikuwa limetiwa kwa ndani, ikabidi Chaehoi na Soulé, aliyekuwa amerudi kutoka Nosy Sakatia, wauvunje mlango. Hapakuwa na mtu mwingine. Bibi Bahia, aliyemwosha, aliniita kando baadaye. Alisema mkono wa kulia ulikunjuka vizuri. Wa kushoto ulikataa. Alijaribu kwa maji ya moto, akaomba dua, vidole vikabaki vimefumbata, na ndani ya kiganja palikuwa na nafasi.

"Kama aliyeshika mkono wa mtu," alisema Bibi Bahia. "Mdogo."

Tulimzika hivyo. Siku zote za msiba mlango uliovunjwa ulikaa wazi, watu wakiingia na kutoka, na hakuna aliyekumbuka kuuziba. Nilikumbuka mimi, baada ya hitima. Nilisimama sebuleni nikanusa. Langilangi tu, kutoka nje. Siki haikuwepo.

Nilirudi Mahajanga nikapata nyumba Mangarivotra, si mbali na ile ya Attoumane, ambayo sasa ni karakana ya baiskeli. Sikueleza filamu tena. Kazi yenyewe ilikufa. Zilikuja kanda za video, kisha diski, sasa vijana wanatazama kwenye simu. Binti wa jirani yangu, Fatouma, anapenda zile zenye watoto. "Njoo uone, Babu," huniita, "huyu mdogo ni mbaya kweli, hafanyi lolote, anatazama tu." Namwambia macho yangu hayaoni vizuri. Mara moja nilimuuliza kama huwa anawapa majina. Alicheka akadhani nafanya mzaha.

Sala ya Magharibi naisali nyumbani. Imamu ameacha kuniuliza.

Imeanza mwezi huu. Adhana ikimalizika, mlango wangu hugongwa. Chini. Mkono mdogo.

"Mjomba Bourhane, nifungulie."

Kwa miaka yote hiyo nilijiambia kwamba yule wa ukumbini akija, nitamjua, kwa sababu ataniita Fundi. Lakini Rahamatou alikaa naye mchana kutwa, miezi, akimfundisha majina. Simlaumu kama alimfundisha na langu.

Basi nanusa. Naweka uso karibu na sakafu, mzee kama mimi, na kuvuta hewa inayopita chini ya mlango. Hakuna langilangi hapa Mahajanga. Na siki sijaisikia, hata kidogo.

Ni moshi. Moshi wa makuti na mbao, kama nyumba ya jirani inaungua. Nikitazama dirishani, hakuna nyumba inayoungua.

Adhana imekwisha sasa hivi. Mkono wangu uko kwenye komeo. Ameshaita mara mbili.